Mipira ya intakula ya turbo: orijino, silikoni, ex-Japan au paipu ya alumini? (Nakuru na Magharibi)

ViaziMolo ameandika:

Habari zenu wadau. Naomba mawazo kabla sijatoa pesa.

Nina pikapu, Isuzu D-Max ya lita 3.0, injini ya 4JJ1, dizeli yenye turbo. Kazi yake ni kuteremsha viazi kutoka Molo hadi Nakuru na kurudi na mbolea au saruji. Siku hizi ikirudi na mzigo, kuanzia Salgaa kupanda Sachangwan, nguvu inapotea kabisa. Nikikanyaga zaidi inatoa moshi mweusi na sauti ya fyuuu mbele kule, upande wa bampa. Barabara ikiwa tambarare hakuna shida yoyote.

Gereji ya kwanza walichomeka mashine, ikatoka kodi ya hitilafu P0299, wakaniambia turbo imekufa nitafute nyingine. Bei yake wacha tu. Halafu kijana mmoja wa hapa Molo akalala chini ya gari, akaushika mpira unaotoka kwa turbo kwenda intakula (ile ya kupoza hewa ya turbo), akaukunja kidogo, ukafunguka mdomo mbele ya macho yangu. Umepasuka upande wa nyuma, ule unaotazama injini. Ukisimama mbele ya boneti huwezi kuuona.

Sasa kila mtu ana ushauri wake. Mmoja ananiambia ninunue orijino. Mwingine ameona silikoni ya bluu Kirinyaga Road, Nairobi, karibu nusu ya bei ya orijino. Wa tatu ana ex-Japan iliyotoka kwa gari la kuvunjwa. Na jirani yangu fundi wa weldi anasema ataniundia paipu ya chuma, kisha aunganishe ncha zake na vipande vya mpira wa redieta, nisahau mambo ya mipira maisha yangu yote. Nichukue gani?

FundiNax ameandika:

Mzee wangu, huyo kijana wa Molo usipoteze namba yake.

P0299 inasema jambo moja tu: presha iliyofika kwenye injini ni ndogo kuliko ile kompyuta ya gari ilitarajia. Haisemi turbo imekufa. Turbo inaweza kuwa nzima, inasukuma hewa kwa bidii, na hewa yote inaishia barabarani kupitia huo mpasuko. Dizeli nayo inamiminwa, hewa ya kuichoma haitoshi, ndipo unapata moshi mweusi. Tena turbo ya namna hiyo huzunguka kasi kupita kiasi ikijaribu kufidia hewa inayopotea. Ukiendelea kupanda Sachangwan na mpira uliopasuka, utaiua kweli hiyo turbo uliyoambiwa imekufa. Punguza mzigo, au iegeshe mpaka mpira upatikane.

Sasa kuchagua. Watu wengi huanza na bei, wengine na rangi. Anza na mahali mpira unapokaa. Ule wa kutoka filta ya hewa hadi turbo unavutwa, haubebi presha. Ule wa kutoka turbo hadi intakula ndio unaoteseka, kwa sababu turbo ikibana hewa inaipasha moto, na kwa dizeli iliyobeba mzigo mlimani hewa hiyo hupita nyuzi 120 kwa urahisi, hata ikafika 150. Ule wa kutoka intakula hadi injini una presha karibu ile ile, lakini hewa imeshapoa. Mipira mitatu, maisha matatu. Mpira unaofaa hapa unaweza kufa haraka pale.

Halafu kuna oili, na hili wauzaji wengi hawaligusi. Injini hupumua. Mvuke wa oili kutoka chini kwenye krenki hurudishwa kwenye hewa inayoingia, unapita turbo, unajipaka ndani ya mipira na kukusanyika chini ya intakula. Pitisha kidole ndani ya mpira wako wa zamani. Ukitoka na utando mweusi unaoteleza, hiyo ni kawaida kwa dizeli yoyote iliyofanya kazi. Ukiuinamisha na oili ikatiririka, hapo ukague njia ya kupumulia ya injini na sili za turbo kabla ya kufunga mpira mpya, maana nao utaoza.

Kwa hiyo kwa ule wako wa upande wa moto, ushauri wangu ni orijino, au silikoni iliyo na bitana ya ndani ya kuzuia oili. Hiyo bitana ni silikoni ya aina nyingine, yenye florini, na mara nyingi utaiona kwa macho: rangi ya ndani ni tofauti na ya nje. Silikoni ya kawaida bila bitana huvumilia joto vizuri sana, hata nyuzi 180, lakini oili inaipenya. Unaikuta imetoka jasho kwa nje, vumbi limenata, imelainika, na siku moja mlimani inachomoka kwenye klipu yake. Ukimuuliza muuzaji kama ina bitana akakujibu kwamba ni "heavy duty" tu, bado hajakujibu.

Ex-Japan usichukue. Mpira ni kitu kinachozeeka hata kikiwa stoo. Huo una umri kama wako, tofauti ni kwamba haujapasuka bado.

Rono_Kericho ameandika:

FundiNax nakuheshimu, lakini hili la mpira wa redieta mnalitilia chumvi. Matatu ngapi zinapanda Kericho hadi Mau Summit kila siku na mpira wa redieta kwa turbo? Mpira wa redieta unabeba maji ya moto yenye presha. Kama unaweza maji ya moto, utashindwa na hewa?

FundiNax ameandika:

Rono ndugu yangu, swali lako ni zuri na linaulizwa kila siku, kwa hiyo nitalijibu pole pole.

Mpira wa redieta kwa kawaida hutengenezwa kwa mpira wa aina inayoitwa EPDM. Aina hiyo inapatana vizuri sana na maji, kulanti na mvuke. Na oili haipatani kabisa. Ikiguswa na oili inainyonya na kuvimba. Ukitaka ushahidi, kata kipande cha mpira wa redieta, kiloweke kwenye oili ya injini iliyotumika, kiache siku kadhaa mahali penye joto. Kitoe ukipime na kipande ambacho hakikulowekwa. Kitakuwa kimenenepa, kimekuwa laini, na ukikifinya kinakatika.

Presha pia si ile ile. Kifuniko cha redieta kwa magari mengi hufunguka karibu baa 0.9 hadi 1.1. Turbo ya dizeli ya kisasa ikiwa na mzigo inapita hapo. Joto nalo: maji hayaendi mbali kupita nyuzi 100 na kidogo, hewa ya turbo nimeshaitaja.

Hizo matatu unazoziona, muulize dereva amebadilisha huo mpira mara ngapi. Unakaa kwa muda, unavimba pale kwenye klipu, klipu inakata, wanafunga mwingine. Mtu wa matatu anahesabu siku ya leo. Mzee wa viazi akikwama Sachangwan usiku na tani ya mbolea, hesabu yake ni nyingine.

Rono_Kericho ameandika:

Sawa, hapo kwa oili nimekuelewa. Nilikuwa nafikiria presha tu.

NyarKisumo_Golf ameandika:

Jameni nisaidieni na mimi, niko Kisumu, Milimani. Nina Golf ya turbo ya petroli. Nimeambiwa na fundi wa Kondele kwamba inavuja pale mpira unapoingia kwenye intakula, na kweli kuna oili oili imepaka chini yake. Ameniambia ninunue seti nzima ya silikoni. Nimetazama huo mpira mwenyewe, haujapasuka popote. Lazima kubadilisha?

FundiNax ameandika:

Dada, subiri kidogo kabla ya kutoa pesa. Magari mengi ya Volkswagen na Audi hayatumii klipu ya kukaza hapo. Yanatumia kiungo cha kubonyeza: paipu ina mdomo wa plastiki, ndani kuna sili ya mviringo, na waya wa chuma unaofunga kwa nje. Sili hiyo hukauka na kuwa bapa, inaacha kubana, oili inaanza kupaka. Mpira wenyewe unaweza kuwa mzima kabisa.

Mwambie fundi auchomoe, atoe hiyo sili uitazame. Ya mviringo iliyo nzima ina umbo la duara ukitazama unene wake. Iliyochoka ina upande mmoja bapa, unaong'aa. Sili huuzwa peke yake kwa baadhi ya viungo, kwa vingine inakuja na mdomo mzima. Tumia namba ya chesi kuagiza, maana zinafanana kwa macho na hazifanani kwa milimita. Pia hakikisha huo waya wa kufunga haujapinda, na kwamba unasikia "tak" ukirudisha. Mafundi wengi huusukuma nusu, gari likipata presha kiungo kinarudi nyuma.

NyarKisumo_Golf ameandika:

Asante sana kaka. Nitaenda kesho na nisimame hapo hapo akifungua.

XT_Kakamega ameandika:

Mimi nitasimama upande wa silikoni. Nina Forester XT, intakula ya juu ya injini, na nimeweka silikoni za kawaida bila bitana kwenye viungo vya pale juu. Hazina tatizo lolote, na zile za zamani zilikuwa zimekauka kabisa. Kwa Subaru viungo ni vifupi, sioni sababu ya kuagiza orijino. Swali langu ni hili: nataka kuhamisha intakula mbele na kutumia paipu za inchi 3 ili hewa ipite nyingi. Kuna ubaya?

FundiNax ameandika:

Kwa petroli iliyo na afya, yenye viungo vifupi na oili kidogo, silikoni ya kawaida inaweza kukaa vizuri, sikukatalii. Dizeli inapumua oili zaidi na inafanya kazi chini ya mzigo muda mrefu, ndiyo maana kwa mzee nimesisitiza bitana.

Kuhusu inchi 3: kama injini iko kama ilivyotoka kiwandani, hutapata chochote ila kuchelewa. Paipu nene na ndefu ni nafasi kubwa ambayo turbo lazima ijaze kabla presha haijafika kwenye silinda. Kila ukikanyaga unasubiri. Magari ya kawaida ya lita 2 yanatosheka na milimita 51 hadi 63, yaani inchi 2 hadi 2 na nusu. Na sensa ya hewa ya Forester yako iko kabla ya turbo. Kila kiungo unachoongeza baada ya hapo ni mahali pengine pa kuvuja hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu. Ikivuja ukiwa kwenye presha, petroli inamiminwa kwa hewa isiyokuwepo, gari linakunywa na eksozi inakuwa nyeusi.

Mimi ningetumia hizo pesa kwa mpira ulio chini, ule unaoingia kwenye turbo kutoka filta. Kwa injini yako unapita chini ya manifoldi, ni kazi kuufikia, kwa hiyo hakuna anayeukagua. Huo haubebi presha, unavutwa. Ukipasuka hutasikia mluzi mkubwa wala kuona moshi. Utavuta vumbi moja kwa moja hadi kwa feni ya turbo bila kupita filta. Barabara zetu za ndani unazijua, msimu wa kiangazi vumbi ni unga. Meno ya ile feni yanaliwa taratibu, na unakuja kujua turbo ikiwa imekwisha.

Ukiununua wa silikoni, hakikisha una waya ndani ya ukuta wake au mbavu za kuushikilia. Silikoni laini bila waya, filta ikiziba, inajibana yenyewe ikivutwa na turbo. Unaweza kulitazama hilo: mwenzako akanyage gari likiwa limesimama, uutazame mpira. Ukiona unalala ndani, si wa hapo.

WeldiEldoret ameandika:

Nimesoma yote. Kuna mahali mmetuonea sisi watu wa weldi, nitasema.

Paipu ya alumini iliyofanywa vizuri ni kitu kizuri na inadumu kuliko gari lenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wanafanya kwa haraka. Jirani ya ViaziMolo akisema chuma, nadhani anamaanisha paipu ya eksozi, maana ndiyo iko karakana kila siku. Hiyo kataa. Inashika kutu kwa ndani, kutu inabanduka magamba, na magamba yanaenda moja kwa moja kwenye injini. Hakuna filta baada ya turbo.

Alumini ya milimita 2 inatosha. Ichomelewe kwa gesi ya argoni, na fundi asiache matone yaliyotokeza ndani kwenye kiungo. Ukimaliza, pitisha kitambaa ndani mpaka kitoke safi, kisha osha kwa maji na sabuni, kausha, rudia. Vumbi la kusagia alumini ni kali kwa silinda. Nimeona watu wanachomelea, wanapuliza mara moja kwa mdomo, wanafunga.

Ncha ya paipu lazima iwe na ukingo uliotokeza kuzunguka, milimita moja au mbili. Bila huo ukingo mpira utateleza hata ukikaza klipu mpaka mwisho. Kama huna mashine ya kuvimbisha ncha, chomelea duara jembamba la weldi kuzunguka ncha na ulipige msasa liwe laini. Linashika.

Na usifunge paipu ngumu kutoka kwa turbo hadi intakula bila mpira wa kutosha katikati. Injini inacheza juu ya mauntini zake (vishikizo vyake vya mpira), intakula imefungwa kwenye bodi. Ukikanyaga, injini inainama. Kama hakuna mpira wa kulegeza, kitakachopasuka ni shingo ya intakula, na hizo nyingi ni za plastiki siku hizi. Kwa sehemu ya moto kuna mipira yenye nundu katikati, hiyo ndiyo inafaa kwa kazi ya kucheza.

FundiNax ameandika:

Hapo umenena, na mtu akija kwako Eldoret ameshika mahali. Nilichokuwa napinga ni kile kipande cha mpira wa redieta pande zote mbili. Ukitengeneza paipu safi ya alumini kisha ukaunga kwa mpira usiopatana na oili, umebaki pale pale, maana mahali pa kuvuja ni kwenye viungo.

MwalimuFizikia ameandika:

Naongeza jambo ambalo wenzetu wa pwani hawakutani nalo sana. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Timboroa ni takriban mita 2,700, Kisumu ni kama 1,130. Hewa ya Nakuru ina presha pungufu kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na Mombasa.

Turbo nyingi za kisasa zinaongozwa na kompyuta inayolenga presha kamili ndani ya injini, bila kujali uko wapi, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake. Tuseme lengo ni kilopaskali 200. Kisumu hewa ya nje ni karibu 89, kwa hiyo turbo inazidisha kama mara 2.25. Timboroa hewa ya nje ni kama 73, inalazimika kuzidisha karibu mara 2.7. Kadiri inavyozidisha, ndivyo hewa inavyotoka ya moto zaidi.

Na kuna la pili. Mpira haujui presha kamili, unajua tofauti kati ya ndani na nje. Kisumu tofauti ni 111, Timboroa ni 127. Kwa hiyo gari lile lile, mpira ule ule, unavutwa na kupashwa moto zaidi juu kule, hata kama baridi ya nje ni kali. Nyufa ambazo Kisumu hazionekani zinafunguka mlimani. Ndiyo maana ViaziMolo anaona tatizo Sachangwan na haoni kwenye tambarare, ukiongeza na mzigo.

XT_Kakamega ameandika:

Mwalimu hii nimeihifadhi. Sasa naelewa kwa nini gari langu linatoa mluzi nikipita Timboroa na nikishuka Webuye liko kimya.

FundiNax ameandika:

XT, huo mluzi ukaguliwe kabla ya safari nyingine. Usiuache.

ViaziMolo ameandika:

Narudi na habari. Nimeshusha ule mpira wa zamani na kuukata kwa kisu nione ndani, kama mlivyonifundisha kutazama.

Upande wa turbo umekuwa mgumu, ukiukunja unatoa nyufa ndogo ndogo kama matope yaliyokauka. Upande wa intakula, ule wa chini ambako oili inakaa, ni kinyume kabisa: umelainika, safu ya ndani ya mpira imeachana na kitambaa, naweza kuibandua kwa kucha. Mpasuko wenyewe ulianza pale ukingo wa klipu ulipokuwa unauma. Klipu ni ile ya skru yenye vitundu kwenye mkanda, na sidhani ilikuwa ya kiwandani. Kuna aliyeifunga kabla yangu. Vitundu vimeacha alama zao zote kwenye mpira, unaweza kuvihesabu.

Oili ni utando tu, haitiririki. Turbo tumeishika feni yake kwa vidole: inazunguka vizuri, haigusi ukuta, mchezo wake ni mdogo sana.

Nimeagiza orijino ya upande wa moto kwa namba iliyochapwa kwenye mpira wenyewe, tukaihakikisha na namba ya chesi. Ule wa upande wa baridi bado una afya, lakini nataka kuubadilisha pamoja. Nimepata silikoni yenye bitana, ndani ni nyekundu iliyoiva na nje nyeusi. Sasa nisaidieni kupima na klipu.

FundiNax ameandika:

Hapo mzee umefanya kazi ya fundi kamili. Hiyo ya kulainika chini na kukauka juu ndiyo hasa nilikuwa nasema: joto limeua upande mmoja, oili imeua mwingine, mpira ni ule ule.

Kupima: usipime mpira wa zamani, umeshapanuka. Pima shingo ya chuma au plastiki ambako mpira unavaa, kipenyo cha nje, kwa vania (kile kipimo cha taya mbili), chini ya ule ukingo uliotokeza. Mpira mpya uwe na kipenyo cha ndani sawa na hicho, au pungufu milimita moja. Kama ni mkubwa hata milimita mbili, usidanganywe kwamba klipu itaubana. Utajikunja, na pale pa mkunjo hewa itatoka. Pima shingo zote mbili, kwa sababu ya turbo na ya intakula si lazima zilingane. Urefu uache mpira uvae kila shingo angalau milimita 25 na zaidi kama nafasi ipo.

Tazama pia ncha iliyokatwa ya silikoni. Utaona safu za kitambaa kwenye unene wake. Nne ni nzuri, tatu zinatosha kwa upande wa baridi. Ukuta uwe milimita 4 hadi 5. Ukiukunja kwa mkono ukakunjika kirahisi sana, wachana nao.

Klipu: zile za vitundu usirudishe. Kwa silikoni ni kisu, mpira laini unapenya kwenye vitundu na kukatwa. Tafuta za mkanda laini, au zile pana za boliti moja. Klipu za springi zilizokuja na gari, kama hazijashika kutu, ni nzuri sana kwa upande wa moto, kwa sababu zinafuata mpira ukipanuka na kunywea. Usizitupe kwa kuwa zinaonekana za zamani. Klipu ikae nyuma ya ukingo wa shingo, isikae juu yake. Kaza mpaka mpira uanze kutokeza kidogo pembeni mwa mkanda, simama hapo. Shingo ya plastiki ikipasuka utanunua intakula.

Kabla ya kuvaa, futa oili yote kwenye shingo na ndani ya ncha za mpira, kwa kitambaa na spiriti, iache ikauke. Usipake grisi ili iingie kirahisi. Itaingia kirahisi na itatoka kirahisi.

Rono_Kericho ameandika:

Na baada ya kufunga unajuaje hakuna panapovuja bila kungoja mlima?

FundiNax ameandika:

Kwa mtu wa pancha mwenye kompresa yenye kipimo. Tengeneza kizibo cha kufunga mdomo wa njia ya hewa, ukiweka vali ya tairi katikati. Kama unaanzia kabla ya turbo, chomoa ile njia ya injini ya kupumulia na uzibe pande zote mbili, la sivyo utapeleka presha kwenye krenki na kusukuma sili za oili. Ingiza hewa pole pole. Usipite presha ya kawaida ya gari lenyewe; baa 0.7 hadi 1 inatosha kuonyesha kila kitu. Usisimame mbele ya kizibo, kikichomoka kinaumiza. Paka povu la sabuni kila kiungo, chini ya mipira pia, na shingo za intakula. Utasikia hewa kidogo ikitoka ndani ya injini kupitia vali zilizo wazi, hiyo ni kawaida. Unachotafuta ni povu linalovimba.

ViaziMolo ameandika:

Imefungwa. Tumepima kwa povu, kiungo kimoja cha upande wa baridi kilikuwa kinatoa mapovu madogo, kikakazwa, kikanyamaza. Kodi imefutwa. Leo nimepanda Sachangwan na saruji na moshi hakuna. Swali la mwisho: nikaze tena lini?

FundiNax ameandika:

Baada ya kupata moto na kupoa mara chache, wiki moja ya kazi yako inatosha. Kaza injini ikiwa baridi, zile za skru na za boliti tu, za springi usiguse. Kisha kila ukibadilisha oili, pitisha mkono nyuma ya huo mpira, upande unaotazama injini, na utazame vidole.